Tairi za Kukodi, Stika ya Kweli

Kuna biashara mtaani ambayo haina bango wala namba ya M-Pesa ukutani, lakini kila fundi anaijua: kukodisha tairi za inspeksheni. Unapeleka pikapu asubuhi na mapema, zako za kipara zinatolewa, unafungiwa nne zenye meno mazuri, unaenda kituoni, unapita, unarudi kabla ya jioni na kurudisha mali ya watu. Ukiongeza kidogo unapewa na kizimamoto, zile pembetatu mbili za kumulika, na sanduku la huduma ya kwanza ambalo ndani halina hata bendeji. Kesho yake gari iko barabarani na tairi zake za jana, na kwa kioo kuna stika inayosema serikali imeiangalia na ikaridhika.

Watu nikiwapigia hii stori wanacheka. Ni ya kuchekesha, ukweli usemwe. Kuna msee aliniambia kwao kuna tairi moja imepita inspeksheni mara nyingi kuliko gari yoyote Kenya. Lakini ebu ifikirie polepole. Mwenye gari anajua tairi mbovu ni hatari, ndio maana anakodi nzuri. Fundi anajua. Mkaguzi akiona nati zimefunguliwa asubuhi hiyo, kutu imekwaruzwa na vumbi limetoka, anajua. Sote tunajua hiyo gari iko salama masaa manne kwa mwaka, na tumekubaliana hivyo hivyo.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio usiseme nilikuzungusha. Pikapu mzee iliyobadilishwa haiwi hatari kwa sababu tu imebadilishwa. Inategemea imebadilishwa vipi, na hiyo huwezi kujua ukiwa umesimama kando yake na kalamu mkononi. Lazima mtu alale chini. Inspeksheni yetu, vile nimeiona mimi, haipendi kulala chini, na sisi vijana wa kubadilisha magari tumefurahia hiyo kwa sababu inatufaa.

Wengi wenu mnaijua pikapu ya anko wangu kutoka kwa video. Kwa wale wageni: ni Toyota Hilux ya 1994, ile ya ekseli nzima mbele na springi za majani mbele na nyuma. Ilikuja na injini ya dizeli ya 2L, cc 2,446. Hiyo ilikufa kitambo, ikawekwa 3L ya cc 2,779 kutoka Grogan, yaani Kirinyaga Road kwa wale wa kutumia ramani. Halafu barabara ya kwao Kinangop ikazidi kuharibika wakati wa mvua, akaiinua inchi tatu na kuweka tairi za 265/75 R16 mahali pa zile nyembamba za 205 R16. Mbele kuna bampa ya chuma iliyochomelewa Kariobangi. Si gari ya maonyesho. Inabeba kabichi na viazi kutoka Njabini, inapita Flyover, inaingia ukungu wa Kinale gizani, inashuka Limuru hadi Nairobi, mara mbili kwa wiki. Ikirudi inabeba mbolea, mabati, wakati mwingine kitanda cha mtu ameoa.

Kwa hivyo mtu akiniambia kubadilisha gari ni tabia ya watoto wa mitandao, namwangalia tu. Hii nchi imebebwa na magari yaliyobadilishwa. Peugeot 504 pikapu zilifungwa turubai na mabenchi nyuma zikawa matatu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nganya unayoisukumania ya Rongai au Umoja, mara nyingi ukivua ile bodi yote, taa, skrini na spika, chini unakuta chasisi ya lori la Isuzu, na bodi ilijengwa hapa hapa na mafundi wetu. Hatukuanza jana. Na tofauti ni kwamba mjenzi wa bodi ya matatu ana kitabu: KEBS wana kiwango chao, KS 372, kinachosema bodi ya gari ya abiria ijengwe vipi. Mwenye pikapu akiuliza kitabu chake kiko wapi, anapewa maoni ya yule aliye zamu siku hiyo.

Turudi kwa sheria kidogo, sitawachosha. Pikapu kwa macho ya serikali ni gari ya mizigo, na gari ya mizigo inakaguliwa kila mwaka, sawa na matatu na basi za shule. Jirani yetu naye ana Subaru iliyoshushwa hadi inakwaruza kila tuta, silensa imetobolewa mpaka watoto wa ploti wanaamka saa nane usiku, na miaka yote hiyo hajawahi kuipeleka mahali popote. Ni gari ya kibinafsi. Inapita pikapu ya anko barabara kuu kama pikapu imeegeshwa. Sasa niambie ni gani inayofaa kulazwa mtu chini kwanza.

Mwaka wa 2025 serikali ilileta rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi, na mojawapo ya mambo yaliyowasha watu ni hili la magari ya kibinafsi yaliyopitisha miaka minne tangu yatengenezwe kukaguliwa pia, na vituo vya watu binafsi kupewa leseni ya kukagua. Piga hesabu. Mtumba unaruhusiwa kuingia nchini hadi ukiwa na miaka minane. Wengi tunanunua wa miaka saba kwa sababu ndio tunaoweza. Maana yake gari yako ikishuka bandarini Mombasa tayari imepita minne. Kelele ikawa moja: ushuru mwingine huu. Naelewa kabisa. Tangu Juni 2024 kitu chochote chenye risiti ya serikali kinatufanya tushike simu na kiatu cha kukimbilia. Lakini tukipigania ada peke yake, tunawaachia swali kubwa wapite nalo bure: wakishachukua hiyo pesa, wataangalia nini?

Ndio nataka tuingie chini ya pikapu, huko ndiko mambo yako.

Nyuma, karibu na ekseli, Hilux ya namna hii ina vali ndogo ya breki yenye mkono wa chuma. Mkono umeshikanishwa na ekseli. Ukibeba mzigo, nyuma ya gari inashuka, mkono unasukumwa, vali inajua gari ni nzito na inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Gari ikiwa tupu nyuma inainuka, vali inapunguza hiyo nguvu, ndio magurudumu ya nyuma yasijifunge na kukuzungusha kwa mvua. Ni akili nzuri sana kwa kitu kisicho na kompyuta.

Sasa wewe umeiinua inchi tatu. Bodi imeenda juu, ekseli imebaki chini na magurudumu, mkono umevutwa. Vali inafikiri gari ni tupu. Umebeba kilo mia nane za viazi, unashuka mteremko, unakanyaga, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari isiyobeba kitu. Mbaya zaidi, ukiongeza majani ya springi ndio gari isilale, mzigo hata haiishushi vizuri, kwa hivyo vali haipati habari kabisa. Breki za mbele zinabeba kila kitu, zinachemka, na breki iliyochemka inakuacha pedali ikiwa ngumu na gari bado inaenda.

Hii sikufunzwa chuo. Nilikaa huko miaka miwili kwa uhandisi kabla sijatoka, na hakuna siku hata moja tuliingia chini ya gari. Nilionyeshwa na fundi mzee wa Kariobangi ambaye hajui jina la Kiingereza la hiyo vali na wala halimsumbui. Aliushika ule mkono akautikisa, akaniambia, "Kijana, huu ukikaa hivi, gari inadhani iko likizo." Akakata kipande cha chuma, akatoboa, akainua pale mkono unaposhikania kwa ekseli hadi ukarudi pembe yake ya mwanzo. Kazi ya saa moja. Kuna mafundi wengine wanaikata hiyo vali kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja, wakisema breki sasa ni kali. Ni kali, ndiyo. Subiri uende tupu na mvua inyeshe.

Tairi kubwa nazo zina deni lao. Hizo 265/75 zina mzunguko mkubwa kuliko za 205 kwa kama asilimia 9. Mita ya kasi haijui. Ikisoma 80, wewe uko karibu 87. Na breki ile ile sasa inapigana na gurudumu refu zaidi, kwa hivyo nguvu inayofika lami imepungua kwa kiasi hicho hicho. Sijasema usiweke. Anko amewekewa na ziko sawa. Nasema ukishaziweka, breki zako si zile za kiwandani tena hata kama hujazigusa.

Halafu zile paipu za mpira za breki. Gari ikiinuliwa na gurudumu lining'inie kwa shimo, paipu inavutika kama kamba ya nguo. Kuna watu wameziona zikikatika. Dawa ni kuweka ndefu, ni pesa kidogo tu.

Taa sitaziongelea sana kwa sababu nitakasirika. Ukiinua gari inchi tatu, taa zako pia zimeinuka, na mwenye Vitz anayekuja mbele yako sasa unammulika machoni hata ukiwa umepunguza. Ukichukua glasi ya taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida ukatia LED nyeupe ya kununua barabarani, mwanga unatawanyika kila upande, kwako barabara inang'aa, kwa mwenzako ni ukuta mweupe. Pita Kinale saa kumi na moja asubuhi kwa ukungu uone vile hiyo inahisi. Kuna wafuasi wangu wenye hizo taa ndefu juu ya paa na wanaziwasha lami, kwa foleni. Wacheni.

Sasa siku yenyewe. Kituo sitakitaja. Nafasi tuliweka kupitia eCitizen, huko huduma za NTSA zilikohamia 2023, tukalipa, na hapo nawapa heko, ilikuwa dakika kumi. Tulifika kabla ya geti kufunguliwa. Nje kulikuwa na vijana wawili wamevaa vizuri kuniliko, mmoja akamfuata anko.

"Mzee, mbona ujisumbue na foleni? Hiyo gari inaweza hata kubaki nyumbani na stika ikupate."

Anko akamwangalia. "Nimetoka nayo Kinangop saa tisa usiku. Ibaki nyumbani gani sasa?"

Ndani, mkaguzi alikuwa mtu wa heshima, hiyo niseme. Aliangalia tairi, akazipiga teke. Taa, indiketa, honi, waipa. Akafungua boneti, akalinganisha namba ya injini na logbuku, zikafanana, kwa sababu anko alibadilisha hizo karatasi zamani. Akaangalia ile mistari ya kumulika nyuma, akasoma uzito ulioandikwa mlangoni kwa rangi. Breki zilikaguliwa hivi: "Kanyaga. Achilia. Kanyaga." Mashine ya breki ilikuwepo, ile ya rola sakafuni ambayo inapima kila gurudumu linashika kiasi gani na kama kushoto na kulia ni sawa. Magari mengine yalipandishwa. Yetu tuliambiwa tairi ni kubwa, tupite kando.

Halafu akazunguka nyuma akaona stika ya chaneli yangu kwa mlango wa kereba.

"Hii ni nini?"

"Ni stika tu, mkubwa."

"Itoke. Na hii bampa itoke. Na mbona gari iko juu hivi?"

Anko akasema, "Ni barabara, mkubwa. Huko kwetu mvua ikinyesha..."

"Irudishwe chini."

Nikauliza kwa adabu zote mama alinifundisha: inaruhusiwa inchi ngapi? Imeandikwa wapi ndio tusome? Akacheka kidogo. "Nyinyi vijana mnapenda maswali sana." Tukaanguka.

Wiki mbili baadaye tulirudi. Stika ilikuwa imetolewa. Bampa iko, urefu ni ule ule, tairi ni zile zile. Mkaguzi alikuwa mwingine. Taa, indiketa, honi, kanyaga, achilia. Rola, tupite kando. Tukapita. Ukiniuliza ni nini kilichofanya gari isiyofaa barabara iwe gari inayofaa ndani ya wiki mbili, kwa ushahidi nilio nao ni karatasi ya nailoni yenye jina la chaneli yangu.

Na ile vali? Siku ya kwanza tulienda ikiwa imerekebishwa, ya pili pia. Ingekuwa haijarekebishwa tungeanguka vile vile na kupita vile vile. Hakuna aliyeinama.

Hapo ndipo mlioniandikia mmegawanyika. Wa kwanza mnasema: si umeona, inspeksheni ni ya kula pesa, iondolewe. Hapana, sikubali. Mimi nimeona kilichokuwa chini ya hiyo pikapu kabla ya yule mzee kukirekebisha, na anko mwenyewe alikuwa ameiendesha hivyo akidhani breki zimezeeka tu. Hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwambia. Hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi. Kuifuta kwa sababu inafanywa vibaya ni kama kufunga zahanati kwa sababu daktari anachelewa.

Wa pili mnasema gari iliyobadilishwa isiruhusiwe kabisa, irudi vile ilitoka Japani. Nyinyi nawauliza, nani ataipa hiyo Kinangop barabara ya Japani? Ukimlazimisha mtu arudishe gari chini, atarudisha. Fundi wa tairi za kukodi ataongeza na springi za kukodi. Kitu kikikatazwa bila kuelezwa, hakiishi, kinafichwa tu. Na cha kufichwa ndicho kinafanywa usiku, bila vipimo, na fundi yeyote atakayekubali. Yule mzee wa Kariobangi hawezi kuandika risiti inayosema nimeinua gari hii inchi tatu na kurekebisha vali, kwa sababu hiyo risiti ni kama ungamo. Angeweza kuiandika, angekuwa wa kwanza kujivunia.

Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori liliacha barabara likaingia watu. Zaidi ya 50 walikufa. Ebu jiulize walikuwa nani: watu wa sokoni kando ya barabara, wa boda, waliokuwa wanangoja matatu. Hawakuwa ndani ya lori. Hawakuchagua tairi zake wala fundi wake. Huwa nakumbuka hiyo kila mara mtu akiniambia gari ni yake na maisha ni yake. Pikapu yenye mzigo ikikataa kusimama, aliye na chuma mbele ni dereva. Mwenye meza ya nyanya pale Soko Mjinga hana bampa.

Kwa hivyo ningetaka nini? Ukurasa mmoja. Kweli, mmoja tu, kwa Kiswahili, umebandikwa kwa geti la kila kituo: kuinua mwisho inchi kadhaa, ukizidi leta barua ya fundi aliyesajiliwa, tairi kubwa zaidi kwa kiasi hiki sawa, zaidi ya hapo rekebisha mita, paipu za breki ziwe hivi, taa ziangalie pale. Kama KEBS waliweza kuandikia basi zima, watashindwa na pikapu? Rola iwe pana ya kutosha au iwepo njia nyingine ya kupima breki ya gari kubwa, sio kupita kando. Na gari ya mizigo ipimwe ikiwa na mzigo. Kuipima tupu ni kama kumpima mbebaji wa Gikomba akiwa amekaa.

Halafu ukaguzi wa kushtukiza. Tairi za kukodi zinaishi kwa sababu tarehe inajulikana. Mizani ya lori iko tayari Mlolongo na Gilgil, watu wanasimama hapo kila siku. Mkaguzi mmoja hapo na tochi, anaangalia tairi na paipu dakika tano, ataua hiyo biashara kuliko msako wowote wa polisi wa wiki moja wenye kamera nyingi. Najua mtasema hapo ndipo chai itachemka. Inaweza. Lakini tayari inachemka getini, na tayari wanaokufa wanakufa.

Na kwa wasee wangu wenye pikapu, kabla hujaniandikia kuhusu rangi ya rimu: soma zile namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na iwe imezeeka hadi inapasuka ikipata joto, hasa zile za mtumba. Inua gari, acha gurudumu lining'inie, uangalie kama paipu ya breki imekazwa. Lala chini nyuma umtafute ule mkono. Paki mbele ya ukuta usiku, wenzako akiwa na gari ya kawaida kando yako, mlinganishe mwanga unafika wapi. Hakuna hata moja ya hizo inayohitaji stika.

Yetu bado ina kitu kimoja. Ule uzito ulioandikwa mlangoni, T.W. na namba yake, ni wa gari ilivyokuwa bila bampa ya chuma, bila tairi kubwa, bila springi za ziada. Wakaguzi wawili waliusoma na kuendelea. Maana yake kila kilo ya chuma tuliyoongeza inakula viazi ambavyo anko anadhani bado anaruhusiwa kubeba. Alhamisi akishuka na mzigo, akishashusha, tunaipeleka tupu kwa mizani ndio tuiandike upya. Anko ameshanionya kwamba kama itatoka gunia mbili nzima, mimi ndiye nitakayemweleza mteja wake wa Wakulima.